Kununua Kilichokamilika au Kujikamilishia

Wazee wetu walisema, mchagua jembe si mkulima. Neno hilo nimelisikia tangu utotoni, na kwa miaka mingi nililitumia kama fimbo ya kuwachapia watu waliokuwa wakingoja chombo kizuri kabla ya kuanza kazi. Siku hizi nalitamka kwa sauti ya chini zaidi. Si kwamba methali ni ya uongo. Ila nimejifunza kwamba jembe likiwa limefungwa vibaya kwenye mpini, anayeumia si lazima awe mkulima aliyelichagua. Huenda akawa ni yule anayelima pembeni yake.

Naomba msomaji afikiri pamoja nami juu ya swali ambalo kwa nje ni la mafundi na wapenda pikipiki, lakini kwa ndani ni swali la maadili. Mtu mwenye njia ngumu mbele yake afanye lipi? Anunue chombo kilichokwisha kukamilishwa na waliokiunda, chenye kila kinachohitajika? Au anunue cha kawaida, halafu akiongezee na kukibadili kidogo kidogo mpaka kifanane na njia yake na mfuko wake?

Wilaya ya Kilosa ni mahali pazuri pa kuliulizia swali hilo. Mji wa Kilosa uko kwenye Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Mikumi iko upande wa kusini, kwenye barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Kati ya miji hiyo pana yapata kilomita 80, na katika miaka yote ya utumishi wangu njia hiyo ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya utelezi wakati wa masika. Katikati yake kuna kijiji kiitwacho Ulaya. Mimi nimekwenda Ulaya mara zisizohesabika, na sijawahi kupanda ndege.

Nilikuwa bwana shamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikabidhiwa pikipiki ya mradi, Yamaha AG 100. Wale waliofanya kazi vijijini wakati ule wataikumbuka. Iliundwa kwa ajili ya watu wa mashambani. Cheni yake ilikuwa imefunikwa kabisa ili tope na mchanga visiitafune. Ilikuwa na keria mbele na keria nyuma, na vyuma vya kukinga injini inapoanguka. Ilikuwa na stendi ya kuegemea upande wa kushoto na nyingine upande wa kulia, ili mtu aweze kuiegesha hata kwenye mteremko. Nilipoipokea sikuwa na la kuongeza. Niliwasha, nikaenda zangu Ilonga kuchukua mbegu, nikarudi.

Niliitumia miaka sita, nami nakiri kwamba katika miaka hiyo sikujua chochote juu yake. Ilipougua niliipeleka karakana ya mradi. Ilipopona nikaichukua. Sikuwahi kujiuliza kwa nini cheni imefunikwa, kama vile mtoto asivyojiuliza kwa nini nyumba ya baba yake ina paa. Mradi ulipofikia mwisho wake pikipiki ikarudishwa, nikabaki na miguu yangu.

Ndipo nilipojinunulia Honda XL 125 iliyochakaa, kwa fedha ya kiinua mgongo cha mradi na mbuzi wawili. Hiyo ndiyo iliyonifundisha. Tope la mfinyanzi la Kilosa liliposhona tairi la mbele mpaka likakataa kuzunguka, nilijua kwamba gadi ya tope iko karibu mno na tairi, nikaipandisha juu. Mlima uliponishinda na mzigo, fundi alinifungia sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi. Nikapata nguvu ya kupanda, lakini nikapoteza mwendo na mafuta yakaliwa zaidi. Hapo nilielewa jambo ambalo pikipiki ya mradi haikunifundisha kwa miaka sita, kwamba katika chombo hakuna kinachoongezwa bure. Ukipata huku, kuna kule ulikotoa.

Nilianza kujisifu. Mimi ni wa kizazi kilicholelewa na Azimio la Arusha la mwaka 1967, na neno kujitegemea tulilimeza pamoja na uji wa shule. Nikaiona ile Honda kama Azimio dogo lenye magurudumu mawili. Kila aliyelalamika kwamba hana chombo cha kutosha nilimwonyesha pikipiki yangu nikamwambia, nenda kajitengenezee. Nikaanza hata kuwadharau wanaonunua vilivyokamilika. Nilidhani wananunua akili za watu kwa sababu hawana za kwao.

Dharau hiyo ilipata pigo lake la kwanza mwaka 2008, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Msomaji aliyepita huko anajua kwamba barabara kuu inakatisha hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na kando yake kuna mabango yanayotaja faini ya kila mnyama utakayemgonga. Nilikuwa nikitoka Morogoro. Nilikwishaipita Doma, jua linaelekea kuzama, tairi la nyuma likatoboka. Sikuwa na hofu, kwani viraka ninavyo, gundi ninayo, pampu ninayo. Nilitoa tyubu kwa ufundi wa miaka mingi. Nilipofungua gundi nikakuta imekauka, imekuwa kama kipande cha ubani. Sikumbuki niliikagua lini mara ya mwisho. Mbali kidogo, upande wa pili wa barabara, tembo walikuwa wakivunja matawi taratibu.

Akaja msafiri wa Kizungu peke yake juu ya BMW R 1200 GS Adventure, lile pikipiki kubwa ambalo tangi lake hubeba lita 33 na uzito wake hupita kilo 250. Boxer ya vijana wetu ni yapata nusu ya hapo. Masanduku ya aluminiamu kulia na kushoto, taa za ziada, vikinga mikono, kila kitu. Moyoni nikasema, huyu naye, hata nati ya pikipiki hiyo haijui. Alisimama, akatazama, akafungua mfuko mdogo. Matairi yake hayakuwa na tyubu, kwa hiyo hakuwa na viraka. Lakini katika vifaa vyake vya kuzibia tairi mlikuwa na gundi mbichi. Akatumia gundi yake na kiraka changu. Kisha akachomeka kipampu kidogo kwenye betri ya pikipiki yake, na kabla giza halijaingia mimi nilikuwa barabarani.

Tulipofika Mikumi mjini nilimnunulia chai. Aliniambia kwamba yeye ni mhasibu na hawezi kuchomelea hata msumari, ndiyo sababu alinunua chombo chenye kila kitu. Lakini kabla ya kuondoka kwao alijilazimisha kutoboa tairi lake mwenyewe kwa makusudi na kuliziba, mara tatu, mpaka mikono ikazoea. Nilinyamaza. Mimi niliyejitengenezea nilikuwa nimelala usingizi juu ya ufundi wangu, na yeye aliyenunua alikuwa macho.

Hapo nikaanza kuona kwamba swali langu nililiuliza vibaya. Nilidhani kujitengenezea ni sawa na kujua, na kununua ni sawa na kutojua. La hasha. Vifaa vinaweza kununuliwa vikiwa tayari, lakini ujuzi haununuliwi ukiwa tayari, wala haukai milele kwa sababu tu uliwahi kuupata. Mwingereza Ted Simon aliondoka London mwaka 1973 juu ya Triumph ya sisi 500, chombo ambacho hakikuundwa kwa safari ya kuzunguka dunia, akakifungia masanduku na makorokoro yake. Akashuka Afrika akipita Kenya na Tanzania, na safari nzima ikamchukua miaka minne. Mwaka 2001, akikaribia umri wa miaka 70, aliianza tena safari ile kwa BMW R 80 GS, ya ukoo wa pikipiki zilizoundwa tangu mwanzo kwa njia mbaya. Mtu ni yule yule. Hatuwezi kusema kwamba alikuwa msafiri wa kweli mara ya kwanza na wa uongo mara ya pili.

Laiti ningeishia hapo katika kujifunza. Lakini kiburi ni kama magugu, ukikata bila kung'oa mzizi huota tena.

Mwaka 2015 mpwa wangu alichukua Boxer kwa mkataba. Kwa asiyefahamu, mkataba ni hivi: tajiri ananunua pikipiki, kijana anaiendesha na kupeleka hesabu kila siku au kila wiki, na muda uliokubaliwa ukiisha pikipiki inakuwa yake. Siku usipopata abiria hesabu haikuhurumii. Kazi ya bodaboda wakati huo ilikwisha kuwa kazi inayotambuliwa, kwani kanuni za leseni za mwaka 2010 ziliziruhusu rasmi pikipiki na bajaji kubeba abiria. Na huku kwetu mahitaji yalikuwa makubwa. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulipovunja kingo zake na kuisomba reli, yalikuwa yametuonyesha jinsi tunavyoweza kubaki kisiwani.

Kijana alikuja kwangu. "Shikamoo mjomba. Nataka ushauri wako. Kule Ulaya watu wana magunia, na hii keria yake ni ndogo."

Nikampa ushauri kwa furaha. Nikampeleka mwenyewe kwa mchomeleaji. Nilisimama pale kama msimamizi wa daraja, nikachagua nondo nene, nikasema irefushwe nyuma ichukue gunia na abiria kwa pamoja, na miguu yake ichomelewe moja kwa moja kwenye fremu ili isicheze. Shokapu za nyuma tukabadili, tukafunga ngumu zaidi. Mchomeleaji aliniuliza kama fremu itahimili. Nikamjibu kwamba mimi nimeendesha pikipiki kabla yeye hajazaliwa.

Kwa miezi saba kila kitu kilikwenda vizuri na hesabu ililipwa. Mwezi wa nane, kwenye mteremko upande huu wa Ulaya, pikipiki ilikatika ikiwa na mama mmoja na gunia lake la mahindi. Keria haikukatika. Ilikuwa imara kama nilivyotaka. Kilichokatika ni fremu, sentimita chache kutoka pale tulipochomelea.

Baadaye fundi mtu mzima wa Kilosa alinieleza, bila kunilaumu, na maelezo yake yaliniuma kuliko lawama. Chuma kikipashwa moto wa kuchomelea, sehemu iliyo kando ya mshono hubadilika na kupungua uvumilivu. Fremu iliundwa ijipinde kidogo sana kila inaporuka shimo, na shokapu ilikuwa laini ili imeze sehemu ya pigo. Sisi tuliweka shokapu isiyomeza na keria isiyojipinda. Pigo lote likatafuta mahali pa kumalizia hasira zake, nalo huishia pale kigumu kinapokutana na laini. Tena mzigo uliokaa nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma huunyanyua usukani, na breki ya mbele inapoteza ardhi. Kwa ufupi, kila tulichokiimarisha tulikiimarisha dhidi ya kile ambacho hatukukigusa.

Mama yule alivunjika mguu chini ya goti. Alikuwa mama lishe, kazi yake ni kusimama kutwa. Nilikwenda kumwona hospitalini pamoja na mpwa wangu. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Nani alikichoma kile chuma?"

Kijana akainamisha kichwa. Nikasema, "Mama, ni mimi niliyesema kichomwe."

Akanitazama kwa muda. Kisha akasema, "Mimi sikujua kama ile pikipiki imebadilishwa. Ningejua, ningeuliza."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike insha hii. Katika hoja zangu zote za kujitegemea, nilimhesabu mtu mmoja tu, yaani mwenye chombo. Nilisema ni chake, akibadili ni juu yake, akikosea atalipa yeye. Lakini chombo kina kiti cha nyuma. Anayekata na kuchoma kilichotoka kiwandani anaifuta sahihi ya kiwanda na kuweka ya kwake. Tangu siku hiyo yeye ndiye mtengenezaji, na deni la mtengenezaji ni lake. Abiria anapoona pikipiki ya aina anayoijua, anaiamini sahihi ya zamani, kumbe imekwisha kufutwa. Kumbeba mtu juu ya jaribio lako bila kumwambia ni kumtumia bila ridhaa yake.

Najua nitakayojibiwa, kwa kuwa nimejijibu mwenyewe usiku mwingi. Kijana hakuwa na uwezo wa kununua chombo kilichoundwa kwa mizigo. Kama angengoja kupata kilichokamilika, angengoja mpaka leo, na magunia ya Ulaya yangeozea Ulaya. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inapita Kilosa kwenye mahandaki yake, lakini mazao ya vijijini bado hufika mjini mgongoni mwa pikipiki. Aliyekaa ofisini nchi za mbali akaichora Boxer hakuijua njia yetu. Basi maskini afanyeje kama si kuongeza na kurefusha?

Hoja hiyo ni nzito na siwezi kuipuuza. Kuwaambia watu wasibadili chochote ni kuwaambia wabaki walipo. Hata hivyo, umaskini unaeleza kwa nini tulifanya; haufuti tulichofanya. Na ukweli ni kwamba nondo ile haikuchaguliwa na umaskini. Ilichaguliwa na kiburi changu. Mchomeleaji aliuliza swali sahihi, tena bila malipo, nikamfunga mdomo kwa umri wangu.

Kwa hiyo siku hizi, mtu akiniuliza anunue kilichokamilika au ajikamilishie, simpi jibu moja. Namwuliza kwanza: kitu unachotaka kukibadili, unajua kwa nini kiliwekwa hivyo? Kama hujui, bado si chako kukigusa, hata kama stakabadhi ina jina lako. Namwuliza pili: unachoongeza kinafungwa kwa nati, au kinachomelewa? Kilichofungwa kinafunguka, na kosa lake lina njia ya kurudi. Kilichokatwa na kuchomwa hakirudi. Namwuliza mwisho: ukikosea nani ataumia, naye ameambiwa? Na kwa yule anayenunua kilichokamilika nina swali pia: umekitoboa tairi mara tatu? Maana asiyekijua chombo chake ni abiria hata akishika usukani.

Nimekuja kuona kwamba hata maisha yetu ni hivyo. Tulipokea kutoka kwa wazazi mila na adabu zilizokwisha kufungwa tayari, nyingi tusijue kwa nini zimefungwa hivyo. Nyingine kweli hazifai tena kwa njia tunayopita, na ni haki kuzibadili. Lakini tunapozikata tukumbuke kwamba nyuma yetu wameketi watoto, na wao wanadhani wamepanda chombo kile kile.

Honda yangu niliiuza ili kusaidia matibabu. Mama yule alipona, ingawa anachechemea, na akarudi kwenye masufuria yake. Mpwa wangu alimaliza mkataba kwa kuchelewa. Akimwona yule mama barabarani husimama na kumwamkia, naye huitikia vizuri na kuuliza hali ya nyumbani, kisha huenda kupanda pikipiki nyingine. Kijana ilimuuma mwanzoni. Nilimwambia asimlaumu, kwani yule mama anafanya kile ambacho tulimnyima nafasi ya kukifanya mara ya kwanza. Anachagua.

Keria mpya ni fupi, na imefungwa kwenye matundu yale yale yaliyotoka kiwandani. Gunia na abiria havipandi tena pamoja. Mapato yamepungua, na kuna wiki yanabana. Juzi alikuja na kifaa fulani alichokiona kwa wenzake stendi ya Mikumi. Kabla sijakishika, kabla hata ya kuniamkia, akaniuliza, "Mjomba, hiki kinafunguka?"